"Strong" imekukwama kwenye sentensi? Dalili, chanzo na tiba

Asubuhi moja nilimpeleka mgeni wangu, Mwingereza, kwa mama mmoja anayeuza chai na mahamri nyuma ya stendi. Mgeni alitaka "strong tea". Nikaona kazi rahisi, neno si tunalo tayari? Nikaagiza strungi mbili. Mama akamimina chai isiyo na maziwa, sukari vijiko vitatu, na majani machache mno; bilauri ilikuwa ya kioo na niliona vidole vyangu vizuri tu upande wa pili.

"Mama, mbona strungi yenyewe nyepesi hivi?"

"Strungi ni strungi, mwanangu. Ukitaka iliyokolea, sema iliyokolea."

Alisema kweli. Strungi, ambayo wengine huiita sturungi na wengine turungi, ni "strong" ya Kiingereza iliyohamia kwetu na kubadilisha kazi. Tumeifanya jina la chai isiyotiwa maziwa, iwe imekolea au imezidiwa na maji. Mimi huhariri tafsiri, na kivumishi hiki kimenipotezea saa nyingi kuliko istilahi zote za sheria na tiba. Haya hapa chini ni matatizo ninayokutana nayo mara kwa mara, pamoja na namna ninavyoyatengeneza.

Kabla ya kugusa chochote: jaribu kinyume

Swali "strong ni nini kwa Kiswahili?" halina jibu. Ni sawa na kumwambia fundi akupe spana bila kumwonyesha nati. Uliza hivi: kitu hiki kikikosa hiyo sifa, nyumbani tungesemaje?

Chai ikikosa, tunasema nyepesi, haijakolea. Basi yenye sifa hiyo ni nzito, imekolea. Mwanga ukikosa ni hafifu, kwa hiyo ukiwa nayo ni mkali. Ukuta ukikosa ni dhaifu. Wenye sifa ni imara. Hoja nyepesi, hoja nzito. Uwezekano mdogo, uwezekano mkubwa. Na mtandao wa simu ukikosa tunasema "unasumbua". Ukiwa nayo "unashika vizuri". Hapo hata kivumishi hakikuhitajika, na hiyo ndiyo tafsiri sahihi.

Usidhani ni ukaidi wa Kiswahili. Mwanaisimu Mwingereza M.A.K. Halliday alilionyesha jambo hilihili ndani ya Kiingereza mwaka 1966: watu husema "strong tea" na "powerful car", hawasemi "powerful tea" wala "strong car", ilhali hoja hukubali yote mawili bila ugomvi. Hakuna kanuni ya kukutabiria hilo. Ni mazoea ya maneno kukaa pamoja, na kila lugha ina ndoa zake.

Dalili: kila kitu kwenye ukurasa kina "nguvu"

Harufu yenye nguvu. Ushahidi wenye nguvu. Lafudhi yenye nguvu. Mgombea mwenye nguvu. Ukisoma kwa sauti unajihisi uko kwenye ukumbi wa kunyanyua vyuma.

Chanzo ni kamusi ndogo ya mfukoni, ambayo maana ya kwanza ni "-enye nguvu" na mtafsiri hakufika ya pili. Maana hiyo si kosa. Ni ya misuli, injini, dola na chochote kinachosukuma, kuvuta au kubeba. Baunsa wa miraba minne ana nguvu. Trekta lina nguvu. Saruji nayo ina nguvu, tena yenye namba: ile 32.5 au 42.5 unayoiona kwenye mfuko ni megapaskali, yaani kipimo cha mgandamizo, ambazo sampuli ya saruji na mchanga lazima ihimili baada ya siku 28 bila kupasuka. Hapo andika "nguvu" kwa raha zako.

Nje ya hapo, badilisha. Harufu ni kali. Lafudhi ni nzito. Ushahidi ni madhubuti, au mzito, au, nikiwa naandika habari ya mahakamani, "wa kutosha". Ukifanana na baba yako kwa "strong resemblance", wewe na yeye mmefanana sana, au kama wasemavyo kwetu, wewe na baba ni shilingi kwa ya pili. Mgombea anahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu "mgombea mwenye nguvu" kwa msomaji wetu ni yule mwenye fedha na watu nyuma yake. Kiingereza pengine kilitaka kusema tu kwamba ana nafasi nzuri ya kushinda. Basi andika hivyo.

Wanafunzi na waogeleaji ni habari nyingine. "Strong in maths", "a strong swimmer": hawa ni hodari. Neno zuri hili, linabeba ustadi na bidii pamoja, na naona vijana wanalisahau wakikimbilia "mzuri kwenye".

Sarafu na uchumi vinataka imara, au kitenzi chake: shilingi imeimarika dhidi ya dola. Kitenzi hicho ni mali. Ukikutana na "strengthen" jaribu kwanza kuimarisha, na mara tisa kwa kumi utakuwa umemaliza.

Dalili: umeandika "kali" na mtaalamu amekunja uso

Hili ni kosa la waliokwisha kupona lile la kwanza. Wamegundua "kali", wamefurahi, sasa wanaimwaga kila mahali kama pilipili.

Anza na kemia, maana hapa mtu anaweza kuumia. Kiingereza cha maabara kina "strong acid" na kina "concentrated acid", na si kitu kimoja. "Strong" ni tabia ya asidi yenyewe: ikiingia kwenye maji, molekuli zake karibu zote huvunjika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Haidrokloriki, salfuriki na nitriki ziko kundi hili. "Concentrated" ni suala la wingi, yaani asidi ni nyingi kiasi gani ndani ya maji yale. Siki ya mezani ina asidi asetiki takriban asilimia 5. Asidi asetiki ya maabara isiyo na maji ni karibu asilimia 100, inaunguza ngozi vibaya, na mwanakemia bado ataiita "weak". Upande wa pili, haidrokloriki iliyomo tumboni mwako sasa hivi ni "strong", ingawa imechanganyika na maji mengi na wewe umekaa tu unasoma.

Ukiandika "asidi kali" kwa yote mawili, umemfungia mwanafunzi mlango. Tiba yangu: "kali" na "dhaifu" ziachiwe tabia ya asidi, kama darasani, wingi upewe "iliyokolea" na "iliyozimuliwa". Kuzimua ni kitenzi cha jikoni, kila aliyewahi kupunguza ukali wa uji wa moto kwa maji baridi anakijua, na kinafanya kazi maabara bila kulalamika. Lakini kama unaandika lebo ya chupa itakayokaa dukani, sahau istilahi zote hizo. Andika "inaunguza ngozi".

Halafu upepo. "Upepo mkali" ni sahihi, mamlaka zetu za hali ya hewa zinausema kila msimu pamoja na mawimbi makubwa. Tatizo huja unapotafsiri taarifa ya bahari inayofuata kipimo cha Beaufort, kinachopanga upepo kwa madaraja ya kasi. Humo "strong breeze" ni daraja la 6, kilomita 39 hadi 49 kwa saa. "Strong gale" ni daraja la 9, kilomita 75 hadi 88. Yote mawili yakigeuka "upepo mkali", nahodha wa jahazi ameambiwa kitu kimoja kwa hali mbili ambazo moja atapunguza tanga na nyingine hatatoka bandarini kabisa. Na ukifuata kamusi neno kwa neno, "breeze" itakupa upepo mwanana, kwa hiyo utapata "upepo mwanana mkali", kitu ambacho hakijawahi kuvuma popote. Weka daraja na kasi ndani ya sentensi. Namba haihitaji kutafsiriwa.

Dawa pia. "A strong painkiller" ni dawa kali ya maumivu, sawa, ingawa kwa wagonjwa wengi "dawa kali" ni ile inayokwangua tumbo, kwa hiyo fikiria anayesoma ni nani. Baya zaidi ni karatasi ya dawa iliyonifikia ikisema "Nguvu: 500 mg". Asili yake ilikuwa "strength", na maana yake ni kiasi cha dawa kilichomo ndani ya kidonge kimoja. Niliandika "Kila kidonge kina miligramu 500". Mteja akaniuliza mbona sentensi imekuwa ndefu. Nikamwambia bibi yangu ameielewa.

Dalili: ujumbe wa rambirambi unasikika kama tangazo la dawa ya mwili

"Kuwa na nguvu, rafiki yangu." Hii nimeiona kwenye manukuu ya filamu, kwenye kadi, na siku hizi kwenye makundi ya simu, ambako nadhani watu wanafikiri kwa Kiingereza kisha wanageuza.

Mfiwa haamriwi kuwa na nguvu, kana kwamba anazo mfukoni na amekataa kuzitoa. Nguvu huombewa: Mungu akutie nguvu. Hapo neno lilelile limerudi na limekaa vizuri kabisa, kwa sababu ametajwa wa kuzitoa. Kama unataka amri, Kiswahili kina jikaze, jipe moyo, piga moyo konde. Hazilingani. "Jikaze" ni ya karibu, unamwambia mdogo wako au mwenzako anayelia, na ukimwambia mama mkwe utakuwa umevuka mpaka. "Piga moyo konde" inafaa zaidi mtu anayekwenda kukabili jambo, kama operesheni, mtihani au kesi. Kwa mkubwa wako, "pole sana, mama, Mungu akutie nguvu" inatosha.

Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili ya Union walipofika kwa Yoshua aliyeambiwa "be strong", waliandika "uwe hodari". Anakwenda vitani, ana kazi mbele yake, na hodari linambeba. Walewale walipokuta "strong drink" kwenye Mithali waliandika "kileo", neno moja, hakuna nguvu wala ukali. Naipenda tafsiri hiyo kwa jinsi ilivyonyamaza.

Dalili: "tunapendekeza kwa nguvu"

Chanzo: "strongly" imevunjwa vipande viwili na kila kipande kimetafsiriwa peke yake. Lakini "kwa nguvu" tayari lina kazi zake. Kuongea kwa nguvu ni kupaza sauti. Kuchukua kwa nguvu ni kunyang'anya. Kwa hiyo benki inapokuandikia kwamba inapendekeza kwa nguvu ubadilishe nywila, unajiuliza kama kuna mtu yuko mlangoni.

Kushauri na kupendekeza hutaka "sana", au geuza sentensi: ni muhimu ubadilishe. Kulaani hutaka "vikali", magazeti yamelizoea. Kukataa hutaka "katakata". Kuamini hutaka "kwa dhati". Na ile nywila yenyewe, "strong password", jaribu kinyume chake: inabahatishwa kwa urahisi. Basi nywila imara, ngumu kubahatisha.

Dalili: kuna namba imesimama mbele ya "strong"

"A crowd 300 strong" imetoka kwenye mashine ya kutafsiri ikiwa "umati wenye nguvu 300". Hapa "strong" haina maana ya nguvu hata chembe. Inasema tu kwamba ukiwahesabu wote wanafika hapo. Ifute. Umati wa watu 300. Kikosi cha askari 600. Imekwisha.

Dalili: onyo la filamu limewaleta watoto sebuleni

Filamu za Uingereza huonya kuhusu "strong language". Mtafsiri akaandika "lugha kali". Kwetu lugha kali ni ya waziri akiwafokea wakandarasi waliochelewesha barabara, na taarifa ya habari huionyesha saa mbili usiku watoto wakiwepo. Onyo lile linazungumzia matusi, tena mazito. Kama ni yale ya kutaja maungo, tuna jina lake kamili: matusi ya nguoni.

Kwa wanaosoma isimu, "strong verb" nayo si kitenzi chenye nguvu. Jacob Grimm, huyohuyo wa ngano za Kijerumani, ndiye aliyevigawa vitenzi vya Kijerumani na ndugu zake kuwa vya "stark" na "schwach" katika sarufi yake ya mwaka 1819. Kitenzi cha kundi la kwanza hujitegemea: hubadilisha irabu yake ya ndani kuonyesha wakati uliopita, kama "sing, sang, sung". Cha pili huazima kiambishi nyuma, "walk, walked". Mimi huandika "vitenzi vya kubadili irabu", kwa sababu hilo ndilo jambo linalotokea.

Hitilafu ya kurudi: kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza

Binti mmoja aliandika kwenye insha ya shule: "My father is very strong, so I fear to come home late." Msahihishaji asiyejua Kiswahili atamwona baba mwenye vifua viwili. Sisi tunamwona baba mkali, amekaa kibarazani, saa imepita. Kiingereza kinamwita "strict".

Hapa chanzo ni "kali" yetu, ambayo imepanuka mno kiasi kwamba Kiingereza kinalazimika kuigawa. Kisu kikali ni "sharp". Mbwa mkali ni "fierce". Pilipili kali ni "hot". Homa kali ni "high fever", maumivu makali ni "severe pain". Jua kali ukisema "strong sun" unapita salama, na harufu, mwanga na upepo vilevile. Mvua haipiti: ni "heavy rain", kamwe si "strong rain", na kosa hili nalisikia hata kwa watu wenye shahada mbili. Gari lenye nguvu, tumeshaona kwa Halliday, ni "powerful".

Chunga pia "gumu". Kioo ni kigumu, hukikwaruzi ovyo, lakini kidondoshe. Hicho ni "hard" bila kuwa "strong". Nondo unaweza kuipinda mpaka iwe herufi U na isikatike. Fundi akisema chuma hiki ni kigumu na kile ni imara, anasema mambo mawili, mtafsiri asiyachanganye.

Hitilafu ndogo za umbo

Ukiona "kuta zimara" au "mtu mhodari", mtu amevipa viambishi maneno yasiyovitaka. Imara, hodari, thabiti na madhubuti tumeyapokea kutoka Kiarabu na hayabadiliki: ukuta imara, kuta imara. Kali, zito na gumu ni za kwetu na hubadilika: upepo mkali, makosa mazito, visa vigumu. Na ukifika Cairo ukaagiza kahawa "mazbut", ambalo ni asili ya madhubuti yetu, usitegemee kahawa iliyokolea. Utaletewa yenye sukari ya wastani. Kumbe si sisi peke yetu tuliofanya mzaha na maneno ya vinywaji.

Upande wa Kiingereza, hakuna "more strong" wala "strongness". Ni "stronger" na "strength". Na kwenye "strength", g inatangulia t. Kompyuta yangu imesahihisha "strenght" mara nyingi mno.

Kisha matamshi, na hapa Mswahili ana bahati ambayo Mfaransa hana. "Strong" inaishia na ng' ya ng'ombe, sauti ya puani isiyo na g nyuma yake. Lakini "stronger" na "strongest" hubadilika katikati: zinatamkwa kwa ng ya ngoma, g ikisikika. Wageni wengi wanaojifunza Kiingereza huteseka na tofauti hii kwa miaka. Sisi tumeiweka kwenye tahajia tangu darasa la kwanza, kwa alama moja ndogo juu ya mstari. Kabla ya kutamka "strong", sema ng'ombe. Kabla ya "stronger", sema ngoma. Mwanzoni mwa neno usitie u, usije ukajikuta umeagiza sturungi.